Yai, Seli na Kontena

Katika Kiswahili neno ni moja tu, mafua. Aliyenyeshewa jana na leo anapenga kamasi ana mafua. Aliyelala siku nne akitetemeka kwa homa, viungo vikimuuma kama aliyetwangwa kwa mchi, naye ana mafua. Kinyarwanda hakiko mbali, kwani ibicurane hubeba yote mawili. Lugha haina kosa hapo, maana siku ya kwanza dalili zenyewe hufanana. Lakini jina la kawaida limefunika ugonjwa ambao si wa kawaida. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kirusi cha homa ya mafua huua kwa magonjwa ya kupumua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka, na kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa sababu hiyo karibu wote, 99 katika kila 100, ni wa nchi zinazoendelea. Rwanda haiwezi kusema haikujua. Tangu 2008 hospitali sita teule, za Kigali na za wilayani, zimekuwa zikichukua sampuli puani na kooni mwa wagonjwa na kuzipeleka maabara ya taifa, na kirusi kimepatikana humo mwaka baada ya mwaka. Tunakihesabu, tunakipa jina, tunakiandikia ripoti. Ila katika ratiba ya chanjo za taifa, chanjo ya mafua haimo.

Sura hii inatetea hoja moja. Mtu wa Kigali akiuliza ni chanjo ipi ya mafua iliyo bora, hawezi kujibiwa vizuri mpaka ajiulize pia nani huitengeneza, huitengeneza ndani ya kitu gani, na siku ya dhiki humhudumia nani kwanza. Maswali hayo matatu yakishajibiwa, linafuata jambo ambalo wengi hawajalifikiria: kiwanda cha chanjo kilichojengwa Masoro, wilayani Gasabo, kitatufaa siku ya janga ikiwa tu kina kazi ya kufanya kila mwaka. Na miongoni mwa kazi zote zinazoweza kukipa zoezi la namna hiyo, homa ya mafua ndiyo inayostahili zaidi.

Tuanze na ugeni wa chanjo yenyewe. Chanjo ya surua anayochomwa mtoto leo haitofautiani sana na ile aliyochomwa mama yake. Chanjo ya mafua huzeeka ndani ya mwaka. Kirusi hiki, hasa aina A, hukosea kila kinaponakili jeni zake, na makosa hayo hubadilisha sura ya protini iliyo juu ya gamba lake, iitwayo hemaglutinini, ambayo ndiyo alama ambayo kinga ya mwili huitumia kumtambua adui. Alama ikibadilika kidogo, kinga ya mwaka jana hupoteza makali. Ndiyo maana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya zile za kusini, WHO huwaita wataalamu wapitie taarifa za mtandao wa maabara ulioanzishwa 1952, wenye vituo vikuu Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing, kisha watangaze ni virusi vipi viingizwe katika chanjo ya msimu ujao. Kwa sasa ni vitatu: H1N1, H3N2 na ukoo mmoja wa aina B uitwao Victoria. Hadi juzi vilikuwa vinne, lakini ukoo wa Yamagata haujathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya Uviko, na mwaka 2023 wataalamu wakasema hakuna sababu ya kuendelea kuuchanjia. Maana yake ni kwamba mtengenezaji wa chanjo ya mafua hana siku ya kusema amemaliza. Kila mwaka huanza upya, hupima upya, hupeleka vibali upya. Ni mzigo kwake, na huko mbele tutaona kwamba mzigo huo ndio mtaji wake.

Njia kongwe, ambayo hadi leo hutoa sehemu kubwa ya dozi za dunia, ni yai la kuku. Si mayai ya dukani. Ni mayai yaliyorutubishwa, kutoka kwa kuku wanaofugwa chini ya ulinzi, yaliyoagizwa miezi mingi kabla kwa sababu kuku hawezi kuharakishwa. Yai lenye kiinitete cha siku kumi hivi humulikwa kwa taa, mfanyakazi au mashine ikitazama kama mishipa myekundu inaonekana, ishara kwamba kifaranga yu hai. Sindano hutoboa ganda na kuingiza tone la kirusi katika majimaji yanayomzunguka. Yai hurudishwa kwenye joto siku mbili au tatu, kirusi kikizaliana humo. Kisha hupozwa, ganda hukatwa upande wa juu kama mtu anayefungua dafu, na majimaji hufyonzwa. Kirusi huuawa kwa kemikali kama formalini, huvunjwavunjwa kwa dawa zinazofanya kazi kama sabuni, huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi uchafu utengane, mwishowe hupimwa: maikrogramu 15 za hemaglutinini kwa kila kirusi kilichochaguliwa. Zidisha kazi hiyo kwa mamia ya mamilioni ya mayai, ndipo utaelewa kwa nini huchukua takriban miezi sita tangu wataalamu watangaze uamuzi wao hadi dozi ifike mkononi mwa muuguzi.

Wanaotengeneza chanjo ya mafua kwa wingi ni wachache. Sanofi ya Ufaransa hutengeneza Vaxigrip huko Val-de-Reuil na Fluzone katika mji wa Swiftwater, Pennsylvania. GSK ya Uingereza ina Fluarix inayotoka Dresden, Ujerumani, na FluLaval inayotoka Quebec, Kanada. CSL Seqirus, mali ya kampuni ya Australia, ina viwanda Melbourne, Liverpool na Holly Springs katika jimbo la North Carolina. Viatris huuza Influvac inayotengenezwa Uholanzi. China ina Sinovac na Hualan, na Brazili ina Taasisi ya Butantan ya São Paulo, ambayo tutairudia kwa sababu historia yake inatuhusu. Pita kidole juu ya ramani hiyo kutoka Mombasa hadi Bukavu, kutoka Juba hadi Mtwara. Hutakutana na kiwanda hata kimoja.

Yai lina udhaifu wake, na udhaifu huo si wa kitaaluma tu. Kwanza, ni mali ya kuku, na kuku wana mafua yao. Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa kali ya ndege karibu na Entebbe, kwenye fukwe za Ziwa Victoria, na tangu hapo dunia imeshuhudia mabanda yakiteketezwa katika mabara kadhaa. Janga la binadamu likianzia kwa ndege, malighafi ya chanjo inaweza kufa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuchanjwa. Pili, kirusi kikikuzwa ndani ya yai hujizoesha makao hayo mapya, na wakati mwingine hubadilika hapohapo kiwandani. Ndivyo ilivyotokea kwa H3N2 katika msimu wa 2016 hadi 2017: badiliko moja lililotokea kwenye yai lilifanya kinga ya waliochanjwa isikitambue vizuri kirusi kilichokuwa kikizunguka mitaani. Mshale ulinolewa kwa ajili ya mnyama mwingine.

Wakimbiao yai wamepita njia kadhaa. Flucelvax ya CSL Seqirus, iliyopata leseni Marekani 2012, hukuzwa ndani ya seli zilizotokana na figo ya mbwa, katika matangi makubwa ya chuma, bila kuku kuhusika. Flublok, ambayo Sanofi iliipata iliponunua kampuni ya Protein Sciences mwaka 2017, haina kirusi cha mafua hata kidogo: seli za mdudu hupewa maelekezo ya kutengeneza hemaglutinini peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo, watu wenye miaka 50 na zaidi waliopata Flublok waliugua mafua kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopata chanjo ya kawaida ya yai. Kwa wazee kuna Fluzone ya dozi kubwa, yenye maikrogramu 60 badala ya 15 kwa kila kirusi, na kuna Fluad, iliyotiwa mafuta maalumu yanayoamsha kinga iliyochoka kwa umri. Hizi ni chanjo nzuri na ghali, zilizobuniwa kwa ajili ya jamii zenye wazee wengi na bima kubwa.

Ya kupuliza puani inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyopimwa kwa watoto wa Kiafrika na ikatoa funzo zito. Humo kirusi ni hai lakini kimedhoofishwa. AstraZeneca huuza ya kwake kwa jina la FluMist. Taasisi ya Serum ya India hutengeneza Nasovac, kwa kutumia kirusi kilichodhoofishwa na wanasayansi wa Urusi, na bei yake ilikusudiwa nchi maskini. Mwaka 2013 Nasovac ilijaribiwa sambamba Bangladesh na Senegal, kwa watoto wadogo. Bangladesh ilizuia mafua ya virusi vilivyolingana na vile vya chanjo kwa asilimia 57.5. Huko Niakhar, Senegal, haikuzuia kitu. Chanjo ileile, mwaka uleule, umri uleule, matokeo mbingu na ardhi, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana kwa nini. Anayedhani kwamba tunaweza kusubiri wengine wapime huko kwao kisha sisi tuagize tu, autazame utafiti huo mara mbili. Mtoto wa Niakhar si mtoto wa Dhaka, na wa Nyamirambo, Kigali, si wa Niakhar. Chanjo itakayotumika hapa lazima ipimwe hapa, na anayepima mara kwa mara ni yule anayetumia mara kwa mara.

Sasa swali la nani huhudumiwa kwanza. Oktoba 5, 2004 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilisimamisha leseni ya kiwanda cha kampuni ya Chiron kilichopo Liverpool, baada ya baadhi ya chanjo kukutwa na bakteria. Kiwanda hicho kilikuwa kimeagizwa karibu nusu ya chanjo zote za mafua za Marekani kwa msimu ule. Taifa tajiri kuliko yote likajikuta wazee wake wamepanga foleni tangu alfajiri, kwa sababu tu mlango mmoja ulifungwa katika nchi nyingine, na nchi yenyewe ni rafiki. Wamarekani hawakulaumu kisha wakasahau. Mwaka 2009 serikali yao iliahidi dola milioni 487 kwa Novartis, ambayo ilikuwa imeinunua Chiron, ijenge kiwanda cha seli Holly Springs, ndani ya mipaka yao. Mwaka huohuo janga la H1N1 lilipozuka, walionja tena: serikali ya Australia iliitaka CSL itosheleze mahitaji ya Waaustralia kabla ya kusafirisha dozi ambazo Marekani ilikuwa imeziagiza. Ikiwa Marekani ilisubiri, nani angeikumbuka Afrika? Chanjo za msaada zilizopitia WHO, dozi milioni 78 kwa nchi 77, zilianza kufika mwanzoni mwa 2010, wakati wimbi kubwa lilikuwa limekwisha kupita sehemu nyingi.

Kigali yenyewe haihitaji kuchimba historia. Machi 2021 Rwanda ilipokea dozi 240,000 za chanjo ya Uviko ya AstraZeneca na 102,960 za Pfizer kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na ikawa ya kwanza barani kutumia za Pfizer kwa njia hiyo, majokofu ya baridi kali yakiwa tayari yamewekwa. Maandalizi yalikuwa kamili: majokofu, wauguzi, orodha za majina. Mwezi uleule India, ikielemewa na wagonjwa wake, ilizuia usafirishaji wa chanjo za Taasisi ya Serum, na nchi nyingi za Afrika zikasubiri kwa miezi. Sitaki kuwahukumu Wahindi wala Waaustralia. Serikali yoyote yenye wagonjwa mlangoni ingefanya hivyohivyo, na ya kwetu pia. Ndiyo maana hoja hii haitatuliwi kwa kusihi wala kwa mikataba peke yake, hata ule Mkataba wa Majanga uliopitishwa Geneva Mei 2025, unaotaka watengenezaji watakaoshiriki watenge asilimia 20 ya uzalishaji wao kwa WHO siku ya janga. Ni hatua ya haki na ninaiunga mkono. Lakini asilimia 20 ya kiwanda cha mbali hupita bandari ya mbali.

Hapo ndipo Masoro inapoingia. Juni 23, 2022 jiwe la msingi liliwekwa katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali. Machi 2023 makontena ya kwanza yakawasili. Desemba 18, 2023 kituo kikazinduliwa. Mwenye mali ni BioNTech ya Mainz, Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa na Uğur Şahin na Özlem Türeci. Kiwanda kimegawanyika katika sehemu mbili, kila moja makontena sita yaliyounganishwa, yenye hewa safi iliyochujwa: upande mmoja hutengenezwa RNA, yaani maandishi ya maelekezo yanayonakiliwa kutoka kwenye kiolezo cha DNA, upande mwingine maandishi hayo hufungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo kupita kiasi, ili yaweze kuingia katika seli za mwili bila kuharibika njiani. Hakuna yai na hakuna kirusi hai. Ukitaka chanjo tofauti, unabadilisha kiolezo, na mitambo hubaki ileile. Uwezo uliotangazwa ni hadi dozi milioni 50 kwa mwaka, kutegemea aina ya chanjo. Mei 2024 CEPI, muungano wa kimataifa unaofadhili maandalizi ya chanjo za majanga, uliahidi hadi dola milioni 145 kuimarisha kituo hicho. Na kuna jambo moja ambalo watu wengi wamelisahau: BioNTech na Pfizer hawakukutana kwa ajili ya Uviko. Mkataba wao wa kwanza, wa 2018, ulihusu chanjo ya RNA ya homa ya mafua.

Lakini kiwanda si jengo. Ni watu wanaojua sauti ya mashine inapoanza kuharibika, ni vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati, ni mkaguzi aliyezoea kusoma makaratasi ya bechi. Ujuzi wa namna hiyo huota kutu kwa haraka. Gqeberha, Afrika Kusini, kuna ushahidi unaouma. Machi 2022 kampuni ya Aspen ilipata haki ya kutengeneza na kuuza chanjo ya Uviko ya Johnson & Johnson kwa jina lake, Aspenovax. Mitambo ilikuwepo, watu walikuwepo, hotuba zilikuwa zimetolewa. Wiki zikapita, miezi ikapita, na hakuna aliyeagiza. Serikali zilezile zilizolia kwa kukosa chanjo hazikununua ile iliyotengenezwa nyumbani, kwa sababu wakati huo za msaada zilikuwa zimeanza kumiminika. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani ziwe zimetengenezwa barani, kutoka asilimia 1 hivi. Lengo zuri, ila kiwanda hakilishwi malengo, kinalishwa oda.

Linganisha na Brazili. Mwaka 1999 serikali ilianzisha kampeni ya kuchanja wazee dhidi ya mafua, na mwaka huohuo Butantan ikaingia mkataba na watangulizi wa Sanofi wa kuhamisha ujuzi hatua kwa hatua: kwanza kuagiza chanjo iliyokamilika, kisha kujaza vichupa São Paulo, mwisho kukuza kirusi wenyewe. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja. Wakati wote huo kulikuwa na mnunuzi anayejulikana, kila mwaka, msimu uleule, na leo taasisi hiyo ya umma hutoa makumi ya mamilioni ya dozi kwa mwaka. Wabrazili hawakujenga kiwanda kisha wakatafuta wa kuchanjwa. Walianza na bega la mzee, wakarudi nyuma hadi kwenye yai. Rwanda imeanza upande wa pili, makontena yametangulia, na si dhambi. Lakini mabega lazima yapatikane.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la vipaumbele. Daktari wa wilaya atasema: bado nina malaria, nina vichomi, nina watoto waliodumaa, na wewe unaniletea mafua? Ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba sipendekezi kuchanja Wanyarwanda wote, zaidi ya milioni 13. Napendekeza makundi mawili: wahudumu wa afya na wajawazito. Kwa wajawazito ushahidi umetoka barani humuhumu. Huko Soweto, Afrika Kusini, utafiti ulioongozwa na Shabir Madhi na kuchapishwa 2014 ulionyesha kwamba chanjo ya kawaida ilipunguza mafua yaliyothibitishwa kwa takriban nusu kwa akina mama wasio na virusi vya Ukimwi, kwa zaidi ya nusu kwa wenye virusi hivyo, na pia kwa takriban nusu kwa watoto wachanga wa kundi la kwanza, ambao wenyewe hawawezi kuchanjwa kabla ya miezi sita. Sindano moja, watu wawili. Na mjamzito wa Rwanda hahitaji kutafutwa. Kliniki anahudhuria tayari, na mhudumu wa afya ya jamii anamjua kwa jina.

Kwa wahudumu wa afya, Kigali ina jeraha bichi. Septemba 27, 2024 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa, na kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa wengi walikuwa wafanyakazi wa hospitali. Siku nane baadaye dozi za kwanza za chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin zilitua, na kesho yake watu wakaanza kuchanjwa. Waliofariki walikuwa 15, idadi ndogo kwa ugonjwa ambao umezoea kuua nusu ya wanaougua na zaidi. Dunia ilisifu, na ilistahili kusifu. Hata hivyo dozi zile zilikuwa zimeshatengenezwa Italia na kuhifadhiwa. Zilitosha kwa sababu waliohitaji kuchanjwa walikuwa wachache. Mafua ya janga hayatauliza wachache. Kuwazoeza wauguzi na madaktari kunyoosha mkono kila mwaka ni kuwajengea njia ambayo chanjo ya dharura itapita siku ikihitajika.

Pingamizi la pili ni kwamba chanjo yenyewe ni dhaifu: mwaka mzuri huzuia asilimia 40 hadi 60, mwaka mbaya hushuka chini ya 20, kama ilivyotokea Marekani katika msimu wa 2014 hadi 2015. Ni kweli, na asiyeisema kweli hiyo mapema ataaibishwa nayo baadaye. Lakini sehemu ya udhaifu huo hutokana na muda: kirusi huchaguliwa Februari, hukuzwa kwenye yai, na hadi chanjo inatoka adui amekwisha kubadili nguo. Kiwanda cha RNA kinaweza kuchelewesha uamuzi na bado kikawahi. Mwaka 2025 Moderna ilitangaza kwamba chanjo yake ya RNA ilizuia mafua kwa asilimia 26.6 zaidi ya chanjo ya kawaida kwa wenye miaka 50 na zaidi, na mwaka huohuo ya Pfizer ikaonyesha asilimia 34.5 zaidi kwa watu wazima wa chini ya miaka 65. Zinaumiza mkono zaidi na huleta homa ya siku moja kwa wengi zaidi. Hilo nalo lisemwe waziwazi kwenye foleni ya kliniki.

Wengine watasema RNA ina upepo mbaya wa kisiasa. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilifuta miradi 22 ya chanjo za RNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500, baada ya kuwa imefuta mapema mwaka huo mkataba wa Moderna wa chanjo ya homa ya ndege. Mimi nasoma tukio hilo kinyume na wanaokata tamaa. Limeonyesha kwamba anayetegemea mnunuzi mmoja wa mbali anategemea uchaguzi mkuu wa wengine. Kadiri Washington inavyojiondoa, ndivyo inavyozidi kuwa busara kwa Kigali, Nairobi, Kampala na Dodoma kuwa na mnunuzi wa pamoja. Soko la Rwanda peke yake ni dogo, hilo halina ubishi. Kenya, kwa upande wake, ilipendekezewa na jopo lake la wataalamu wa chanjo tangu 2016 kuwachanja mafua watoto wa miezi 6 hadi 23. Mapendekezo kama hayo yakiunganishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanakuwa oda ambayo kiwanda kinaweza kupangia kazi. Mfuko wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, uliozinduliwa Paris Juni 2024, wenye zaidi ya dola bilioni 1 kwa miaka kumi, umekusudiwa kufidia hasara ya miaka ya mwanzo ya watengenezaji wa Afrika. Lakini hulipa pale chanjo inapopata ithibati na wanunuzi, haununui kwa niaba ya wasiotaka kununua.

Limebaki suala la kalenda, ambalo nimelikuta likipuuzwa hata na wanaotetea chanjo hii. Ulaya ina baridi moja, na mafua huja nayo. Kwetu karibu na ikweta kirusi huzunguka mwaka mzima, kikipanda mara moja au zaidi bila kufuata Desemba ya mtu. Je, tutumie mchanganyiko wa kaskazini au wa kusini? Tuchanje kabla ya masika au kabla ya vuli? Kwa mjamzito jibu ni rahisi kiasi, achanjwe wakati wowote anapofika kliniki, kwa mchanganyiko mpya kabisa uliopo. Kwa muuguzi inabidi mwezi uchaguliwe, na data za kuuchagua zimo katika hospitali zile sita, zimekusanywa tangu 2008. Rwanda ilikuwa ya kwanza Afrika, mwaka 2011, kuchanja wasichana nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ikaanza shuleni na kufikia zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa. Mamlaka yake ya chakula na dawa ilifikia Desemba 2024 ngazi ya tatu ya ubora ya WHO. Makao ya Shirika la Dawa la Afrika yako Kigali humuhumu. Nchi yenye historia hiyo haiwezi kujitetea kwamba haina pa kuanzia.

Mwanzo wenyewe ni mdogo na hauna fahari. Katika mwaka wa kwanza Kigali itanunua dozi za yai, kutoka Sanofi, CSL au yeyote atakayeshinda zabuni, kwa ajili ya wahudumu wa hospitali na vituo vya afya vya Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, zinazohifadhiwa katika jokofu la kawaida la nyuzi 2 hadi 8. Zabuni hiyo iwe ya miaka mitano, na iandikwe ndani yake kwamba kuanzia mwaka fulani upendeleo utakuwa kwa dozi zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Sambamba na hilo itafutwe mashine ambayo makontena ya Masoro hayakuja nayo: ile ya kujaza chanjo kwenye vichupa na kuvifunga, kazi ambayo katika mpango wa awali iliachiwa washirika wa nje. Bila mashine hiyo, RNA iliyotengenezwa Gasabo itapanda ndege kwenda kutafuta kichupa, na itarudi baada ya wengine.